Utalii wa matumbawe: Faida iko kwenye boti, kitanda au mlango?

MFANYABIASHARA wa Kolandoto hana bahari. Ana mpunga, ana ng'ombe, pengine ana pamba ghalani, na kama ana ndugu Kahama au Geita huenda ana sehemu yake katika duara la dhahabu. Lakini bei ya dhahabu imepanda mpaka wakia moja ikavuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, na fedha inayotoka kwenye karasha inatafuta mahali pengine pa kufanya kazi. Mwenye fedha hiyo akiangalia upande wa pwani, jambo la kwanza analoambiwa ni boti ya watalii Zanzibar.

Akiuliza boti hiyo inafanya kazi gani, jibu ni neno moja: snokeli. Mtalii huvaa miwani inayofunika macho na pua, huuma mrija wa kupumulia, huvaa mapezi ya mpira miguuni, kisha hulala kifudifudi juu ya maji na kutazama matumbawe na samaki walio chini yake. Hazami kama mpiga mbizi mwenye mtungi wa hewa, wala hahitaji cheti cha mafunzo. Ndiyo sababu soko lake ni pana. Mtoto wa miaka minane na bibi wa miaka 70 wote ni wateja, na safari moja inaweza kubeba familia nzima.

Vitabu vya wageni hulinganisha visiwa kwa wingi wa samaki na rangi ya maji. Mwenye mtaji anahitaji mizani nyingine. Kwake maswali ni matatu: mwamba uko umbali gani kutoka kitandani kwa mgeni, nani ameshika mlango wa kuingilia, na mwamba huo utakuwa hai kwa muda gani. Majibu hutofautiana sana kutoka kisiwa hadi kisiwa, hata pale ambapo samaki ni walewale.

Kwa nini si Ziwa Viktoria?

Swali hili huulizwa na wengi wa Kanda ya Ziwa, na lina haki ya kujibiwa kwanza. Kisiwa cha Rubondo kimo mkoani Geita na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Ni karibu kuliko Unguja mara nyingi. Lakini maji ya Viktoria ni mazito kwa mwani na tope, mamba wapo, na kichocho ni ugonjwa wa kweli katika kingo zake. Mgeni wa Rubondo huja kwa sababu ya ndege, sokwe na sangara, naye hubaki ndani ya boti.

Ziwa Tanganyika ni habari tofauti. Maji yake ni maangavu, na kwenye mawe ya kingo zake wanaishi samaki wadogo wa rangi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Kigoma hufikiwa kwa reli kupitia Tabora, jambo ambalo mtu wa Shinyanga analielewa vizuri. Soko lake bado ni dogo, kwa hiyo liachwe kwa siku nyingine.

Mwamba unaouzika

Si kila mwamba mzuri unauzika kwa mteja wa mrija. Anayeelea juu huona vizuri kile kilicho kati ya mita moja na tano chini yake. Zaidi ya hapo mwanga hupungua, rangi nyekundu hupotea kwanza, na bustani ya matumbawe hugeuka kivuli cha buluu. Ndiyo maana Pemba, ambayo mkondo wake unaoitenganisha na bara una kina cha mamia ya mita, ni maarufu zaidi kwa wapiga mbizi wa mitungi kuliko kwa waogeleaji wa kawaida. Kuta zake ni za ajabu, lakini sehemu kubwa iko chini mno.

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kina vyote viwili, mwamba wa juu na ukuta wa kina. Wazee husimulia kuwa jina lake linatokana na mkeka wa kusalia, kwamba Nabii Hadhara alikitumia kisiwa chenyewe kama msala. Kilitengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na baadaye kikaingizwa katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Wavuvi bado wana madago yao pale. Kwa macho ya mteja ni mahali pazuri kuliko Mnemba, hilo wengi waliofika kote kuwili husema. Kwa macho ya mwenye boti tatizo ni kwamba Pemba ina vitanda vichache vya wageni, na boti isiyo na vitanda nyuma yake ni mbao na mashine tu.

Mnemba, rashi ya majini

Aliyewahi kuona rashi ya dhahabu ataielewa Mnemba bila kuelezwa sana. Habari husambaa kuwa mahali fulani mwamba unatoa, na baada ya muda mfupi kila mwenye sururu yupo pale.

Mnemba ni kisiwa kidogo kaskazini mashariki ya Unguja, mkabala na Matemwe. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli moja yenye vyumba 12 tu, ambayo hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku. Abiria wa boti za kawaida hawashuki kwenye ufukwe wake. Lakini mwamba unaokizunguka uko wazi kwa kila boti iliyolipa tozo ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 2002, na boti hizo hutoka Matemwe, Nungwi, Kendwa na kwingineko. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na sehemu kubwa ya wanaolala kaskazini huuziwa safari ya Mnemba. Asubuhi ya Januari, ambapo maji ni safi na upepo wa kaskazi haujakaza, boti husimama ubavu kwa ubavu na mtalii hukuta mapezi ya mwenzake usoni kabla hajamwona samaki.

Hapa umbali ndio uliozaa biashara. Katika pwani ya mashariki ya Unguja mwamba uko mbali na ufukwe. Kati yake kuna wangwa mpana ambao wakati wa bamvua hukauka kiasi cha mtu kutembea kwa miguu. Tofauti ya maji kupwa na kujaa Zanzibar hufikia karibu mita nne. Mgeni hawezi kutoka chumbani na kuingia kwenye matumbawe, lazima apakiwe. Kwa hiyo fedha ya snokeli haiishii kwa mwenye hoteli, humfikia mwenye boti.

Humfikia, lakini haikai. Msomaji achukue kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za kufanyia hesabu, si bei za soko. Boti ya abiria 10, kila mmoja akilipa shilingi 60,000, inaingiza 600,000 kwa safari. Petroli, nahodha na mabaharia wawili huchukua 200,000, boti ijae isijae. Kwa kila abiria toa 10,000 za chakula na matunda, 10,000 za tozo, na asilimia 20 ya nauli kwa aliyemleta, yaani 12,000. Kila kichwa kinaacha 28,000. Abiria 10 wanaacha 280,000. Ukiondoa zile 200,000 za safari, mwenye boti anabaki na 80,000. Wakiwa wanane anabaki na 24,000. Wakiwa saba amepata hasara ya 4,000.

Sasa jirani ashushe nauli hadi 50,000, na wewe umfuate ili usikose wateja. Kamisheni inashuka hadi 10,000, kila kichwa kinaacha 20,000, abiria 10 wanaacha 200,000, na hizo zote ni za petroli na mabaharia. Boti imejaa, picha zimepigwa, watalii wameshuka wakicheka, na mwenye mtaji hana hata senti. Bado hajabadilisha plagi wala kuweka akiba ya mashine mpya.

Katika hesabu hiyo kuna mtu mmoja wa kuangaliwa zaidi, yule anayeleta abiria. Nauli ikiwa 60,000 anapata 120,000 kwa safari, wakati mwenye boti anapata 80,000. Nauli ikishuka anapata 100,000, wakati mwenye boti anapata sifuri. Hana boti, hana leseni ya chombo, hana petroli ya kununua. Zanzibar wanamwita papasi. Aliyekulia katika nyumba ya udongo anajua papasi ni mdudu gani na anaishi kwa nini, lakini jina hilo linamwonea kidogo, kwani katika soko lisilo na mlango mwenye kumshika mteja ndiye mwenye mali. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na mapokezi ya hoteli yenyewe, tena kwa sare na kalamu ya kampuni.

Mwamba mlangoni

Upande wa pili wa mizani kuna Chumbe. Kisiwa hiki kiko kusini ya mji wa Zanzibar, kina mnara wa kuongozea meli uliojengwa mwaka 1904, na kabla ya miaka ya 1990 hakikuwa na wakazi zaidi ya mlinzi wa mnara. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wake wa magharibi kuwa hifadhi, na uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi, Chumbe Island Coral Park. Duniani hifadhi ya bahari inayoendeshwa na mtu binafsi ilikuwa jambo geni wakati huo. Baadhi ya wavuvi wa vijiji vya jirani walifunzwa na kuajiriwa kuwa walinzi.

Chumbe ina vibanda saba vya kulala, basi. Wapiga mbizi wa mitungi hawaruhusiwi, ni mrija tu. Mgeni wa kutwa hupokelewa iwapo kuna nafasi. Mwamba uko hatua chache kutoka kitandani, na anayetaka kuuona lazima apite kwa mwenye kitanda. Hakuna papasi anayeweza kuuza Chumbe kwa nusu bei, kwa sababu hakuna Chumbe nyingine ya kuuza. Lakini mwekezaji mdogo asiyaone matunda peke yake. Mradi huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ukachukua miaka mingi ya vibali na ujenzi kabla ya kupokea wageni wa kulala. Mtaji wa kusubiri namna hiyo si wa mtu anayehitaji fedha yake irudi kabla ya msimu ujao wa pamba.

Maldivi ni Chumbe iliyozidishwa mara nyingi. Visiwa vyake ni vidogo, na mara nyingi ukingo wa mwamba uko mita chache kutoka ufukweni. Tangu utalii ulipoanza huko mwaka 1972, utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja. Mgeni aliamka, akavaa miwani yake, akaingia majini, na kila alicholipa kikabaki katika kitabu cha hoteli. Wananchi wa visiwa vya jirani waliona ndege zikipita juu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2009, serikali iliporuhusu nyumba za wageni katika visiwa wanavyoishi wananchi. Fundi, mwalimu na mwenye duka wakaweza kujenga vyumba vinne au sita na kununua miwani 20. Kwa mwenye mtaji wa kadiri, huo mwaka 2009 una somo kuliko fahari yote ya hoteli za juu ya maji. Mwamba haukusogea hata hatua, lakini kubadilika kwa kanuni moja ya nani anaruhusiwa kuwa na kitanda kulibadilisha nani anapata fedha.

Shimoni na Wasini

Kenya ilitangulia katika jambo hili. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ya Kisite, karibu na mpaka wa Tanzania, ikafuata katika miaka ya 1970. Kisite haina hoteli wala wakazi. Mgeni hutoka Diani au Mombasa kwa gari hadi Shimoni, hulipa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, hupanda jahazi au boti, huangalia pomboo njiani, huogelea juu ya mwamba, kisha hurudishwa kisiwa cha Wasini kula kaa na samaki.

Kwa umbali Kisite inafanana na Mnemba, kwani bila boti hufiki. Tofauti ni kwamba mlango ni mmoja, gati la Shimoni, na siku ya mgeni imekatwa vipande ambavyo watu mbalimbali huviuza. Mwenye boti ana chake, mpishi wa Wasini ana chake. Kina mama wa Wasini nao walijengewa daraja la mbao linalopita juu ya matumbawe ya kale yaliyoinuka nchi kavu, nao hutoza kiingilio kidogo kwa kila anayepita. Daraja halitumii petroli, halina mashine ya kuharibika, na haliathiriwi na mawimbi ya kusi. Kati ya vitega uchumi vyote vilivyotajwa katika ukurasa huu, hicho ndicho chenye gharama ndogo zaidi ya kuendesha.

Mafia, ambako maji machafu yana bei

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilikuwa ya kwanza Tanzania. Sheria ilipitishwa mwaka 1994, hifadhi ikatangazwa mwaka 1995, ikichukua kilomita za mraba 822 pamoja na vijiji vilivyomo ndani. Lango liko barabarani kabla ya kufika Utende, na mgeni hulipa kwa siku hata kama atalala tu kwenye machela bila kulowa. Wageni hufika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati, na huo ugumu wa safari ndio unaozuia msongamano wa aina ya Mnemba.

Ndani ya ghuba ya Chole matumbawe ni mazuri. Lakini bidhaa inayoitofautisha Mafia na wengine iko upande mwingine wa kisiwa, karibu na Kilindoni. Ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole, anayekula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Huonekana hasa kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Viumbe hivyo vidogo ndivyo vinavyoyafanya maji kuwa na ukungu, kwa hiyo mgeni hulipia kuogelea katika maji ambayo Mnemba yangemfanya adai fedha yake. Kwa mwenye boti, maana yake ni msimu wa miezi mitano au sita, kisha kusubiri. Hoteli kadhaa za kisiwani hufunga kabisa wakati wa masika.

Joto na baruti

Boti huchakaa na mwenyewe anaona. Mwamba huchakaa chini ya maji, na mwenye boti huweza kuwa wa mwisho kujua. Tumbawe ni mnyama anayeishi pamoja na mwani mdogo ndani ya mwili wake. Mwani humpa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki jeupe kama chokaa. Joto likiendelea, hufa.

Mwaka 1998 joto hilo lilipita Bahari ya Hindi yote. Shelisheli, katika visiwa vyake vya ndani, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Wataalamu waliofuatilia miamba 21 ya huko waliona baadaye kuwa 12 ilirudi katika hali yake na tisa ikageuka kuwa mashamba ya magugu ya baharini. Mafia iliumia vibaya mwaka huohuo. Joto lilirudi mwaka 2016, na Aprili 2024 likatangazwa tena kuwa la dunia nzima. Shelisheli ilinusurika kibiashara kwa sababu ina mawe yake makubwa na fukwe za kupiga picha. Kisiwa ambacho mgeni hukijia kwa matumbawe peke yake hakina akiba hiyo.

Baruti ni hasara ya aina nyingine, nayo ina undugu na kanda ya dhahabu. Baruti ya migodini na ya kupasulia mawe ya barabara iliwahi kuishia mikononi mwa wavuvi, na kwa miaka mingi Tanzania ilisikika vibaya kwa uvuvi wa mabomu hadi msako ulipokazwa kuanzia mwaka 2016. Mwamba uliolipuliwa hubaki kifusi kinachosogeasogea na mkondo, na tumbawe changa haliwezi kushika juu yake. Nanga za boti za watalii hufanya kazi hiyohiyo polepole, pale ambapo hakuna maboya ya kufungia kamba.

Kwa mwenye fedha mkononi

Yupo atakayesema kuwa hataki boti, kitanda wala papasi, anataka karatasi. Kampuni ya TPS Eastern Africa, inayoendesha hoteli za Serena, imeorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi. Hiyo ni hisa ya utalii wa mbuga na miji zaidi kuliko ya matumbawe, lakini huuzika siku yoyote ya kazi, tofauti na robo ya boti iliyoko Nungwi.

Anayetaka boti hata hivyo, aulize kwanza wateja wanatoka wapi. Boti yenye mkataba wa maandishi na hoteli mbili ina thamani kuliko boti mbili zinazosubiri ufukweni. Aulize leseni ya chombo na bima ya abiria viko kwa jina la nani, na kama ni Zanzibar, masharti ya mwekezaji yaulizwe Mamlaka ya Kukuza na Kulinda Vitega Uchumi, ZIPA, si kwa muuzaji. Atazame hesabu za mwaka mzima, ikiwa ni pamoja na miezi ya masika. Atazame pia za mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa kati ya Aprili na Mei, aone mwenye boti alikula nini.

Na ukaguzi wenyewe usifanyike Januari. Mwezi huo kila boti inaelea na kila nahodha ana abiria. Safari ya kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000 kabla ya kupanda meli ya Unguja, na anayeifanya mwezi Mei atakuta boti zimevutwa juu ya mchanga, mashine zimefunguliwa, na watu wana nafasi ya kuzungumza. Hapo ndipo aulize bei.